Ambilikile kwenye Mizani ya Malori

Usiku wa kuamkia Ijumaa, akiwa kwenye kitanda chembamba kilicho nyuma ya kiti cha dereva, Ambilikile Mwakajila aliota kwamba mkanda wa usalama wa lori lake umegoma.

"Sifiki," ulisema mkanda.

"Jivute kidogo," alisema Ambilikile.

"Nimejivuta. Hapa ndio mwisho wangu. Si uvivu, kaka. Ni urefu."

Mkanda ulizungumza kwa upole, kama karani anayemweleza mtu kwamba dirisha limeshafungwa, kisha ukajikunja, ukarudi mahali pake na kulala. Ambilikile akawasha gari bila mkanda. Hakuona ajabu yoyote katika jambo hilo. Alichoona ni aibu, kwa sababu alijua mkanda unasema kweli.

Inafaa ijulikane alikuwa amelala na nini moyoni.

Ambilikile alikuwa dereva wa masafa marefu, mtu wa Tukuyu, mwenye kicheko kinachosikika foleni nzima. Kazi yake ilikuwa kupeleka mbolea kutoka bandarini Dar es Salaam hadi Tunduma, na katika barabara yote hiyo hapakuwa na hoteli isiyomjua. Wapishi wakisikia honi yake walianza kukata nyama kabla hajaegesha. Alikula haraka, alikula mengi, na mara nyingi alikula huku anaendesha, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye mfuko wa chipsi uliolowa mafuta. Mwili uliongezeka kidogo kidogo, na kwa kuwa yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa wa kwanza kuutania, watu walidhani haumsumbui.

Kabla ya safari hiyo, daktari aliyempima kwa ajili ya cheti cha udereva alimwambia presha imepanda, sukari inanyemelea, na kwamba mambo yakiendelea hivyo hataweza kumwandikia kuwa anafaa kushika usukani. Ambilikile alicheka, akashukuru, akatoka. Hakumwambia mtu, hata mke wake Tusekile.

Kisha likaja la Kitonga. Pale mlimani tairi la ndani la tela lilipasuka, na ili kuweka jeki ilibidi mtu aingie chini. Ambilikile alipiga magoti. Akainama. Hapo ndipo ilipoishia. Tumbo lilikataa, pumzi ikakata, akabaki ameshika bodi ya tela kwa mikono miwili kama mtu anayesukuma gari. Lori lililokuwa nyuma yake likasimama, akateremka Mama Oresta.

Mama Oresta alikuwa Mngoni wa Peramiho, mmoja wa wanawake wachache wanaoendesha malori katika njia ile, na yule ambaye madereva walimwomba atangulie ukungu ukishuka. Alitandika gunia chini, akasema, "Nishikie tochi, kaka," akateleza hadi chini ya tela. Alitoka baada ya muda, mafuta yamefika viwikoni na vumbi limejaa mgongoni. Hakucheka, wala hakumpa pole. Alimrudishia spana yake mkononi, kama vile aliyefanya kazi ile alikuwa Ambilikile mwenyewe.

Siku ya Alhamisi, kwenye yadi ya kuegesha malori nje kidogo ya Makambako, Ambilikile alimweleza yote, kuanzia daktari hadi presha. Alikuwapo pia Shebuge, dereva Msambaa, rafiki yao wa siku nyingi, naye tumbo lake lilikuwa linashindana na vifungo vya shati.

"Mimi daktari wangu aliniambia hayohayo," alisema Shebuge. "Nikabadilisha daktari."

Mama Oresta alikuwa anachambua mchicha kwenye kifuniko cha sanduku la vyombo lililofungwa ubavuni mwa lori lake. "Mimi nilikuwa mkubwa kuliko nyinyi," alisema. "Kila nilipoacha kula kabisa, nilirudi nikala hadi vya kesho. Mara ya mwisho sikuacha kitu. Nilianza na sahani tu."

"Ugali je?" aliuliza Ambilikile.

"Mimi nitoke Songea niache ugali, nile nini? Ugali ukae upande mmoja wa sahani, usiitandike sahani nzima. Mboga ichukue nafasi iliyobaki. Na ukae chini ule, usile huku unaendesha. Imenichukua muda mrefu. Kuna wakati nilirudi nyuma, nikaanza upya. Ningekuwa na watu wa kula nao, isingekuwa ngumu vile."

Basi wakakubaliana kuwa na sufuria moja. Watapika wenyewe, watasubiriana vituoni, watazunguka yadi kwa miguu kabla ya kulala. Jioni ile walikula ugali wa dona wa kiasi, mchicha mwingi, maharage na kipande cha samaki. Ambilikile alishangaa kuona chakula kile ni kitamu. Lakini alipopanda kitandani tumbo lake, lililozoea mambo mengine, lilianza kumuuliza maswali. Akakumbuka hoteli moja mbele, Igawa, yenye supu ya kongoro na chapati za moto. Akapanga kuondoka alfajiri kabla wenzake hawajaamka, na wakimuuliza baadaye atasema alipigiwa simu. Akiwa na mpango huo mkononi pamoja na ufunguo wa gari, alilala.

Ndipo mkanda ukagoma.

Aliendesha. Aliondoka alfajiri lakini jua lilikuwa la saa sita, na barabara ilinukia vitunguu vinavyokaangwa. Mbele ya hoteli ya supu palikuwa na mizani ya malori ambayo haikuwahi kuwapo. Afisa wa zamu alikuwa yai la kuchemsha. Lilivaa koti la kung'aa kama wanalovaa watu wa barabarani, na lilisimama wima kabisa, kwa tahadhari.

"Habari za safari, dereva," lilisema yai.

"Nzuri, afande."

"Panda mizani polepole. Usifunge breki katikati."

Ambilikile akapanda polepole. Alipofika katikati alitaka kuzima injini, akatafuta ufunguo, akakosa pa kuuzungusha. Hapakuwa na usukani. Hapakuwa na kioo cha mbele. Anatazama chini na kuona ameinama juu ya bamba la chuma kwa mikono na miguu, na nyuma yake taa mbili nyekundu zinawaka na kuzima. Hakuwa ndani ya lori. Lori lilikuwa yeye.

"Umebeba nini?" iliuliza mizani kutoka chini yake. Ilikuwa na sauti nzito, ya shangazi asiye na haraka.

"Mbolea."

"Mbolea wameshaniambia bandarini. Nakuuliza wewe."

Juu ya kibanda kulikuwa na kioo cha kuonyesha uzito. Hakikutoa namba. Kilianza kuandika, na yai likasoma kwa sauti ili malori mengine nayo yasikie.

"Ekseli ya mbele. Mbuzi wa kuchoma wa Chalinze. Chapati za Mikumi. Supu ya Ilula na bakuli la nyongeza. Ekseli ya nyuma. Soda. Soda. Soda." Likameza mate. "Soda. Halafu hapa chini kabisa kuna maandazi ya msibani, yaliyoliwa bila njaa."

Ambilikile aliinamisha taa zake za mbele. Yale maandazi aliyala siku walipomzika kaka yake. Alikaa nyuma ya nyumba na beseni mapajani, na hakuna aliyemwona.

"Hayo usiyashushe," lilisema yai kwa sauti ya chini. "Hayo si mzigo. Hayo yataisha yenyewe ukimzungumzia kaka yako. Lakini mengine umezidisha."

"Faini yake inakuwaje, afande?"

"Hapa hatutozi faini. Ukilipa utaondoka na uzito wako uleule. Shusha."

"Nishushe kiasi gani?"

"Kiasi," lilisema yai. "Kiasi ndiyo kanuni yenyewe."

Lakini Ambilikile alikuwa ameshaona aibu, na mtu mwenye aibu hupenda kumaliza mambo mara moja. Akatoka kwenye mizani, akaingia porini, akafungua bodi zote. Anashusha mbuzi, anashusha chapati, anasukuma kreti za soda kwenye mtaro. Anashusha na ugali. Anashusha maharage. Anashusha mchicha wa jana, ambao haukuwa na kosa lolote na uliuliza mara mbili kama kweli anamaanisha. Anabaki mtupu, bodi zinapigapiga.

Akarudi barabarani. Upepo ukamchukua.

Magurudumu hayagusi lami. Anakata kushoto, anakwenda kulia. Anapita juu ya kibao cha kuonyesha kona, anampita ng'ombe kwa juu, ng'ombe anamtazama bila kuacha kutafuna. Kichwa kinamzunguka, na kitu pekee anachokiona mbele yake ni andazi kubwa linalochomoza mashariki. Alikumbuka kwamba aliwahi kuwa hivi akiwa macho, mwaka alioishi kwa maji ya ndimu matupu mpaka siku moja akaingia hotelini na kula kupita kiasi. Upepo ulipochoka, ulimweka palepale mbele ya mizani.

Porini kulikuwa na vishindo. Vyakula vilikuwa vinarudi, vimepanga mstari, kwa adabu. Chapati zilikuja na dada zao. Mbuzi wa Chalinze alikuja na ukoo.

"Shikamoo, baba," zilisema chipsi kwa niaba ya wote.

"Marahaba."

"Ulituacha porini."

"Nilikuwa na haraka."

"Tuliona. Hatuna kinyongo. Tumewaleta na wageni, hawa mishikaki ni shemeji zetu."

Vikapanda vyote. Vilipandana, vikasogezana, vikaombana radhi. Mchicha peke yake haukurudi. Ambilikile alipokanyaga mizani tena, chuma kililia.

"Huyu amerudi," mizani ililiambia yai, "na amerudi na watu."

Yai lilimsogelea taratibu. Lilikuwa na uso wa huruma kwa jinsi yai linavyoweza. "Dereva, hukuniacha nimalize. Mzigo uliozidi hautupwi porini. Unashushwa kituo kwa kituo, mbele ya wenzako. Wenzako wako wapi?"

"Niliwaacha yadini wamelala."

"Kwa sababu gani?"

"Supu, afande."

Yai lilitikisa kichwa, na kwa kuwa lote lilikuwa kichwa, lilitikisika lote. "Siwezi kukulaumu. Kabla ya kazi hii nilikuwa kwenye chipsi mayai. Si mahali pabaya, ila mafuta ni mengi na hakuna anayekuita kwa jina. Kasubiri ofisini."

Ambilikile alifungua mlango wa ofisi ya mizani, akaingia jikoni kwa mama yake, Tukuyu.

Mvua ilikuwa inanyesha nje kwenye migomba. Mama yake alikuwa amesimama mbele ya mafiga, akichota ndizi za nyama na kuziweka kwenye sahani yenye upana wa tairi la akiba. Ambilikile alikuwa amekaa kwenye kigoda, mtu tena, magoti yamebana kidevu, kijiko mkononi. Alikuwa anakula. Alikuwa ameshiba tangu zamani, lakini alikula.

"Ongeza kidogo, Ambi," alisema mama.

"Ahsante, mama."

"Nisaidie," ilinong'ona sahani chini ya ndizi. "Kila nikianza kuona mwanga, naongezewa."

Anakula. Mama anaongeza. Anakula. Mama anaongeza. Ambilikile alitaka kusema basi, lakini neno lile lilikuwa kubwa kuliko tonge, na lilikwama palepale tonge lilipopita. Alijua kwa hakika kwamba akilisema, mama yake atadhani mwanawe hampendi tena, na nyumba itakuwa baridi.

Mlango wa ofisi ukafunguka na Mama Oresta akaingia. Alikuwa bado na mafuta viwikoni na vumbi la Kitonga mgongoni. Alifuta miguu, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Sikujui, lakini karibu. Wewe ni wa nani?"

"Mimi ni mwenzake Ambi barabarani. Tunakula sufuria moja."

"Basi kaa ule."

"Nitakula, mama, harufu yenyewe imeniita kutoka Makambako. Ila naomba kisahani kama kile cha wajukuu, pale kwenye kichanja. Na yeye mpe kama hicho."

Ambilikile alifumba macho akisubiri paa lianguke. Paa halikuanguka. Alipofumbua aliona mama yake amesimama na upawa hewani, anamtazama.

"Ambi, umeshiba?"

Neno likatoka, dogo kuliko alivyodhani. "Nimeshiba, mama. Muda mrefu."

"Mbona hukusema?"

"Niliogopa utaona nakikataa chakula chako."

Mama yake aliweka upawa chini. "Mimi nakuongezea kwa kuwa unamaliza," alisema. "Ukimaliza nadhani bado una njaa, nachochea moto tena. Tangu uko mdogo nakupikia nikiwa nimesimama. Kama umeshiba, basi na mimi nikae."

Akavuta kigoda, akakaa. Ambilikile hakukumbuka kama aliwahi kumwona mama yake amekaa wakati watu wanakula. Mama alijipakulia ndizi chache kwenye kisahani kingine cha wajukuu, akaanza kula taratibu, akimuuliza Mama Oresta habari za watoto na kama kweli lori linamsikiliza mwanamke. Mama Oresta alisema linasikiliza, ila mwanzoni lilijifanya halisikii. Walicheka. Sahani kubwa iliteremka kutoka mapajani mwa Ambilikile bila kuaga, ikaenda kujiegemeza ukutani, ikaangalia mvua.

"Uliniacha yadini," Mama Oresta alimwambia Ambilikile walipobaki wawili, kwa maana mama alikuwa ametoka kuteka maji ya kunawa.

"Ndiyo, dada."

"Ungegonga tu mlango wa gari. Tungekwenda wote kwenye supu yako, tukanywa kibakuli, tukaendelea na safari. Sikusema supu ni haramu."

Hakusema kwa ukali. Ukuta wa jiko ulisogea pembeni kama pazia, wakawa tena kwenye jua la mizani.

Shebuge alikuwa ameshafika. Kreti ya soda ilikuwa kichwani mwake.

"Nimeambiwa mimi ni mwenzako," alisema. "Kwa hiyo nabeba kreti ya soda ambazo sikunywa."

"Ulikunywa nusu," ilisema kreti.

Shebuge aliiweka sawa kreti kichwani.

Yai lilieleza utaratibu. Mzigo uliozidi utafungwa, utabebwa hadi kituo kinachofuata, na pale utapunguzwa kidogo. Kisha kituo kingine. Wenzake wataruhusiwa kumsaidia kwa kipande, si kwa safari nzima. Mama Oresta hakusubiri maelezo yaishe. Aliokota gunia kubwa kuliko yote, lile lililofungiwa chapati na dada zao, akalipitishia kamba ya katani, akaivusha kamba shingoni hadi begani na kuikaza. Kamba ilimzama ngozini. Hakukunja uso.

"Nitakubebea mpaka pale kwenye kona," alisema. "Baada ya kona unabeba mwenyewe."

"Na nikishindwa?"

"Tutakaa, tutapumzika, utabeba."

Wanapita kwenye mizani, watatu kwa pamoja, Ambilikile katikati na mzigo wake uliobaki.

"Bado umezidi," ilisema mizani. "Kidogo kuliko ulivyokuja. Pita, urudi wiki ijayo."

"Wiki ijayo nitakuwa sawa?"

"Utakuwa umezidi. Utarudi tena."

"Mpaka lini, shangazi?"

"Mimi nimejengewa hapa kwenye zege," ilisema mizani. "Sina pa kwenda."

Kizuizi kikainuka. Wakatembea. Hoteli ya supu ilikuwa kushoto kwao, imefunguliwa, na mpishi aliwapungia mkono. Shebuge alilalamika njia nzima: kreti ina kona kali, jua ni kali, na hata yai lile lilimwangalia kwa ukali. Mama Oresta alitangulia. Ambilikile alitembea nyuma yake, akiutazama ule mgongo wenye vumbi, akagundua jambo ambalo hakuliona Kitonga wala Makambako. Yule mama alikuwa na uwezo wa kwenda mbio. Miguu yake ilikuwa ya mtu aliyezoea kupanda na kushuka milima. Alikuwa anakwenda polepole makusudi, hatua fupi kama za Ambilikile, na kila Ambilikile alipoishiwa pumzi yeye alijifanya anarekebisha kamba. Kifua cha Ambilikile kilijaa kitu ambacho si pumzi. Akaona kwamba mtu huyu angeweza kuwa ameshafika nyumbani kwake Peramiho, anakunywa chai.

Walifika kwenye kona. Mama Oresta aliteremsha gunia.

"Haya, kaka. Zamu yako."

Gunia lilikuwa chini kabisa. Ili kulichukua ilibidi apige magoti na kuinama. Ambilikile anapiga magoti. Anainama. Tumbo linakataa. Anasubiri. Shebuge anasimama upande huu, Mama Oresta upande ule, hawamshiki, wapo tu. Anatoa pumzi yote, anainama tena, mkono unapata kamba. Gunia linainuka. Lilikuwa zito, na lilikuwa la kwake, na lilibebeka.

Alipiga hatua ya kwanza kuelekea upande wa pili wa kona, akaamka.

Mwanga wa asubuhi ulikuwa umejaa kwenye kioo cha mbele. Alfajiri ilikuwa imempita. Ufunguo ulikuwa bado mkononi, umemwachia alama kwenye kiganja. Nje jiko la gesi lilikuwa linavuma. Alikaa kitandani kwa muda, kisha akautundika ufunguo kwenye msumari wake, akavaa sweta, akateremka.

Kulikuwa na ukungu na baridi ile ya Makambako inayoingia kwenye mifupa. Mama Oresta alikuwa amechuchumaa mbele ya sufuria ya viazi vitamu, amejitanda kanga mabegani. Pembeni kulikuwa na papai lililokatwa na birika la chai ya tangawizi. Sahani zilikuwa tatu, ndogo.

"Umeamkaje, kaka?"

"Salama, dada." Akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. Alikuwa amejipanga kusema mambo mengine, lakini yaliyotoka ni haya: "Jana nilipanga kuondoka bila nyinyi."

"Nilijua," alisema Mama Oresta, akichoma kiazi kwa kisu kuona kama kimeiva. "Ulivyoegesha umeelekeza gari barabarani."

"Na hukusema kitu?"

"Niseme nini? Wewe ni mtu mzima. Niliweka viazi vya watu watatu, nikalala."

Ambilikile alitazama sufuria. Alitaka kumwambia kwamba anamheshimu kuliko dereva yeyote aliyewahi kumjua, lakini maneno ya namna ile hayasemeki mtu akiwa amekaa juu ya ndoo. Akapokea sahani yake. Akaweka kiazi upande mmoja, papai upande mwingine, akala taratibu, bila kuangalia barabara.

Mama Oresta alinyoosha mkono kuchukua dumu la maji, akasita, akashika bega.

"Vipi?"

"Wala sielewi. Nimeamka nalo hivi hivi. Kama vile usiku kucha nilikuwa nabeba gunia."

Kanga iliteleza kidogo. Kutoka shingoni hadi begani palikuwa na alama nyekundu, pana kama kidole, yenye misokoto midogo iliyofuatana sawasawa, kama inavyosokotwa kamba ya katani. Lori lake lilikuwa na turubai na mikanda ya nailoni. Hakuwahi kuwa na kamba ya katani.

Ambilikile aliitazama ile alama. Alichukua dumu, akaelekea bombani. Nyuma yake alisikia mlango wa lori la tatu ukifunguliwa, na Shebuge, akiteremka kwa taabu, akiuliza kama kuna mtu mwenye dawa ya kuchua shingo.